Mmea Usioliwa na Mbuzi

Harufu ya jeraniamu haiji yenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua kuhusu mmea huu, kabla hata sijaweza kusoma vizuri. Waridi hukupokea njiani, na maua ya kahawa yakichanua kijiji kizima hujua, lakini jeraniamu hunyamaza mpaka iguswe. Unaweza kukaa kando yake asubuhi nzima usisikie kitu. Kisha sketi inakwaruza majani wakati unainuka, na ghafla hewa yote imebadilika, harufu iliyo kati ya waridi na ganda la limau, yenye ukali kidogo mwishoni kama pilipili manga. Miaka mingi baadaye, katika vitabu vya bustani nilivyovikusanya kimoja kimoja, nilisoma kwamba mafuta yake hukaa kwenye vinyweleo vidogo vilivyoufunika uso wa jani, na kwamba hayatoki mpaka vinyweleo hivyo vivunjwe. Nilisoma pia kwamba mmea wetu si jeraniamu halisi bali ni ndugu yake, na kwamba kwao ni kusini kabisa mwa Afrika. Kwetu Suji hakuna aliyehitaji maelezo hayo. Watu waliuita ua la Mama Namsifu, kwa sababu ni mama yangu aliyeuleta, na Namsifu ndiye mimi.

Mama alizaliwa Shighatini, Upare wa kaskazini, na alipoolewa alikuja na matawi machache yaliyoviringishwa ndani ya gome bichi la mgomba ili yasikauke njiani. Aliyapanda pande zote mbili za kinjia cha kutoka uani hadi mlangoni, mahali ambapo hakuna mgeni angeweza kupita bila kuyagusa. Alikuwa na utaratibu wake. Alikata tawi chini kidogo ya kifundo, akaliacha kivulini mpaka jeraha likauke, kisha akalichomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mferejini. Tawi lililopandwa likiwa bado bichi, alisema, huoza mguu likawa jeusi kama utambi, na kulimwagilia zaidi ni kuliua haraka zaidi. Majani aliyatumia kwa kila kitu. Aliyatia katika maji ya kuoga, katika sanduku la nguo za kanisani, katika chai ya maziwa jani moja tu, na alinifundisha kuyasugua viganjani baada ya kushika taa ya mafuta ya taa ili nisiende kula makande nikinuka koroboi. Watu walisema yanafukuza mbu. Juu milimani hatukuwa na mbu wengi, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuthibitisha.

Ninayotaka kuyaeleza yalitokea katika msimu mmoja wa masika, nikiwa darasa la tatu. Mvua ya mwaka ule ilinyesha kwa hasira. Ukungu ulilala juu ya migomba mpaka karibu na adhuhuri, nguo hazikukauka, na kilima kiliporomoka juu ya barabara ya kuteremka Makanya, gari likawa halipandi tena. Baba alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge huko tambarare, na kuja kwake nyumbani, ambako hata kiangazi kulikuwa kwa nadra, sasa kukawa adimu zaidi. Tulibaki mimi na mama. Na ni katika majuma hayo ya ukungu ndipo mama alipoanza kuchelewa kuamka.

Lazima nieleze jambo moja la kijiji chetu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwetu mtu hakuulizwa mlangoni kama ni mgonjwa. Kuuliza hivyo kulionekana ni kumwitia ugonjwa. Badala yake watu walitazama moshi. Kila mwanamke alipotoka alfajiri kwenda mferejini aliangaza macho katika miteremko, na mji, yaani makao ya familia moja, ambao moshi haukupanda juu ya jiko lake ulipata mgeni kabla jua halijawa kali: mtu amekuja kuomba moto, au kurudisha ungo, au kwa kisingizio chochote kile. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya msiba kwetu ilikuwa paa lisilofuka. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kurudisha ungo. Kwa hiyo aliniamsha mimi. Aliniagiza niwashe moto mapema na nitie ukuni mmoja mbichi katikati ili moshi uwe mzito. Niliwasha, nikakohoa, macho yakinitoka machozi, nami nikajiona msichana mkubwa niliyeaminiwa jiko. Kutoka nje, mji wetu ulikuwa mzima kuliko miji yote.

Baada ya moshi yakaja majani. Kila nilipotoka shule nilitumwa nichume jeraniamu, kwanza kikapu kidogo cha mkononi, kisha zaidi. Mengine yalichemshwa, mengine yalitandazwa chini ya mkeka wa kitanda, mengine mama aliyaponda na kuyafunga kwenye kitambaa alichokiweka kifuani chini ya kitenge. Vitambaa hivyo nilivifua mimi, nyuma ya nyumba, si mferejini pamoja na wanawake wengine. Vilikuwa na majimaji ya manjano na wakati mwingine damu. Na chini ya harufu ya waridi na limau kulikuwa na harufu nyingine, tamu kwa namna mbaya, kama nyama iliyosahauliwa chunguni. Niliuliza mara moja tu. Mama aliniambia ni jipu lililokataa kupona, na kwamba wanawake hupata majipu ya namna hiyo. Kisha akanishika kidevu akasema, "Hili ni letu wawili, mwanangu. Ukilitoa nje, litakuwa la kila mtu." Mwaka ule nilikuwa katika umri ambao mtoto huona siri ya mama yake kama zawadi.

Sababu zake nimezifikiria kwa muda mrefu, na naweza kuzieleza sasa bila hasira. Barabara ikiwa imekatika, mgonjwa wa kwetu aliteremshwa kwa machela ya mbao iliyohifadhiwa kanisani. Machela haikubebwa na jamaa za mgonjwa peke yao. Baragumu lilipigwa, kama linavyopigwa kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kusafisha ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia. Na wanaume wote waliosikia walikuja kupokezana mabegani. Ulikuwa utaratibu mwema, na watu wengi waliokolewa nao. Lakini huwezi kuwaita wanaume wa mlima mzima bila kuwaambia wanachokibeba. Wangeuliza anaumwa wapi, ili wajue wamlaze upande gani. Mama, aliyeimba sauti ya kwanza kanisani, hakuweza kufikiria neno "titi" likipita kinywa hadi kinywa miongoni mwa wanaume waliomwita shemeji. Zaidi ya hapo, mwaka uliotangulia mwanamke mmoja wa mteremko wa pili aliteremshwa na machela hiyo akiwa anazungumza, akarudishwa nayo akiwa kimya. Tangu hapo mama aliamini kwamba machela ndiyo iliyoua.

Kwa hiyo nyumba yetu ilinukia. Wageni waliopita uani walisimama wakavuta pumzi. Mwalimu wa shule ya Jumapili alisema nyumba ya Mkristo inapaswa kuwa hivi. Aliyesifu kuliko wote alikuwa jirani yetu wa juu, Mama Eliamini, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika mahali kabla yake. Alikuwa akisimama kwenye ukingo wa shamba lake na kupaza sauti chini: "Mama Namsifu! Wewe unafukiza mji kama bibi harusi, na mimi huku nanukia beberu! Mume wangu akipotea njia nitakuja kumtafuta kwako!" Mama alicheka kutoka ndani. Alikuwa amejifunza kucheka kwa sauti kubwa bila kutikisa bega.

Kwetu kulikuwa na imani kwamba tawi la ua halishiki ila likikatwa kwa mkono wa mwenyewe. Tawi la kujichumia, au lililokatwa na mtoto, hata ulipande vizuri namna gani, litakauka. Nimejaribu jambo hili baadaye kwa uangalifu, na naweza kusema si kweli. Tawi halijui lilikatwa na nani. Lakini Mama Eliamini aliamini, na ndiyo maana siku moja, mvua ilipopumzika kidogo, aliteremka kuomba tawi na akakataa katakata nilipojitolea kumkatia.

"Wewe mkono wako bado wa maziwa," aliniambia. "Mwite mama yako. Mwambie nimekuja kuiba harufu yake, aje anikabidhi mwenyewe."

Mama alichelewa kutoka. Alipotoka alikuwa amejitanda kitenge mpaka shingoni kama mtu mwenye homa, akasalimia kwa uchangamfu, akainama kwenye kinjia akiwa na kisu. Kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto. Mama hakuwa wa kushoto. Mkono wa kulia, ambao siku hizo haukuinuka tena kupita bega, ulibaki ndani ya kitenge, na kitambaa kilipovutika niliona, na Mama Eliamini akaona, kwamba vidole vya mkono ule vimevimba vikang'aa kama vya mtoto mchanga. Mama alilitafuta tawi. Alilitafuta kwa muda mrefu, kwa sababu matawi yote yalikuwa matupu. Nilikuwa nimechuma kuanzia chini kwenda juu, siku baada ya siku, na kilichobaki pande zote mbili za kinjia kilikuwa vijiti vya kijivu vyenye kifundo cha majani machanga kileleni, katika masika ambayo hata nguzo za uzio zilichipua. Kwa kuwa tuliviona kila siku, hatukuwa tumeviona.

Mama Eliamini alipokea tawi. Hakushukuru, maana kwetu tawi halishukuriwi. Aliutazama mstari wote wa vijiti mpaka mwisho wake, kisha akamtazama mama, na ile sauti yake kubwa ikawa haipo.

"Mama Namsifu," alisema, "mbuzi hawali mmea huu."

"Ni wadudu," mama alijibu.

"Hata wadudu hawauli."

Akaondoka na tawi lake mkononi. Mama alirudi ndani, akaketi kitandani, akaniambia nisitie ukuni mbichi motoni kesho. Nadhani alikuwa ameelewa tayari kwamba moshi hautamficha tena.

Kesho yake Mama Eliamini alikuja alfajiri, akaingia bila kubisha hodi, akafunga mlango nyuma yake na kuniamuru nikae nje. Nilikaa chini ya dirisha. Nilisikia kitambaa kikifunguliwa, kisha mama akilia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Alisema, "Umenivua nguo, mwanamke mwenzangu. Kesho wanaume wote watajua." Na Mama Eliamini, ambaye katika vifo vya mlima wetu ndiye aliyeitwa kuosha maiti za wanawake, alimjibu kwa sauti ya chini na yenye hasira: "Nimekuvua ukiwa hai. Ulitaka nikungoje nikuvue ukiwa baridi?"

Alichokifanya baadaye bado kinazungumzwa na wazee wa Suji. Hakuenda kwa wanaume. Alikwenda kanisani akachukua machela, na badala ya kupiga baragumu alipita nyumba hadi nyumba, jikoni, akiwaita wanawake peke yao. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, aliwaambia, lakini mikono iliyobeba kuni na maji na watoto haiwezi kushindwa na Mama Namsifu, ambaye siku hizi ni mwepesi kama ungo. Wakaja na kanga zimekazwa viunoni. Wanaume waliposikia walifika uani na kusimama wakiwa hawajui pa kuweka mikono. Mmoja alijaribu kushika mpini wa machela, akaambiwa abebe kikapu cha magimbi. "Leo ndiyo tumeolewa," alisema yule mwanamume, na hata mama, aliyekwisha kulazwa na kufunikwa, alitabasamu. Hakuna mwanamume aliyeuliza anaumwa wapi. Wakateremka wanawake wanne wanne wakipokezana katika matope mekundu, na nyuma yao wanaume wakibeba vikapu, na nyuma ya wote mimi na sufuria ya uji.

Kadiri tulivyoshuka, ukungu ulitoweka na joto likapanda. Tulipofika chini, kwenye vumbi na miiba na mistari ya mkonge isiyo na mwisho, harufu iliyofichwa mlimani na baridi na majani ilijitokeza yote. Inzi walikuja. Mama Eliamini alivua kitambaa chake cha kichwani akawapunga njia nzima mpaka baba alipotufikia, akiwa amekimbia kutoka kazini, mikono yake bado ikiwa na utomvu wa mkonge. Alifunua kidogo kile kitenge, akakifunika tena. "Uliniambia ni jipu," alisema. Mama alimjibu, "Nilitaka liwe jipu." Sikuwahi kusikia maneno mengine kati yao juu ya jambo hilo.

Hospitalini Same nililisikia kwa mara ya kwanza neno saratani. Daktari alimweleza baba kwa upole na kwa kirefu, naye baba aliniambia kwa ufupi: wangefanya kitu kama uvimbe ungekuwa bado ni kokoto chini ya ngozi. Mama alirudishwa mlimani, na waliombeba ni wanawake walewale. Alikufa mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Msibani wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kwa huzuni, si kwa ubaya. Lakini mimi nilikuwa nimewasha ule moshi na kuchuma yale majani, na nilijua kwamba mama hakuficha kwa sababu alidharau uhai. Alificha kwa sababu njia ya pekee ya kwenda hospitali ilipita kwenye vinywa vya watu. Methali inamhesabia kosa mficha. Haisemi neno kuhusu waliomfanya aone afadhali kuficha.

Baada ya maziko baba aling'oa jeraniamu zote. Alizing'oa kwa mikono, na kwa kuwa kuzigusa ndiko kunakozifanya zinukie, mji mzima ulijaa harufu ile kwa mara ya mwisho, naye akawa anatapika na kuendelea kung'oa. Kisha akazichoma. Niliacha shule nilipomaliza darasa la saba. Yote niliyoyajua baada ya hapo nimeyasoma mwenyewe. Nilipoolewa mjini Same nilipanda kwa Mama Eliamini kumuaga. Mbele ya mlango wake palikuwa na kichaka kikubwa cha jeraniamu kilichotokana na lile tawi moja, lililokatwa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mzee tayari. Alinikatia matawi kwa mkono wake, akayaviringisha kwenye gome la mgomba, wala sikumshukuru.

Same si mahali pazuri kwa mmea huu. Jua ni kali, na upepo wa tambarare huunguza majani kingo. Nazipanda kwenye makopo upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi tu, nazimwagilia udongo ukikauka mpaka kwenye kifundo cha kwanza cha kidole. Siku hizi gari hupanda mpaka Suji karibu mwaka mzima. Wauguzi hupita vijijini wakiwafundisha wanawake kujipapasa, na neno "titi" husemwa redioni mchana, wanaume wakisikiliza. Haya ni mambo makubwa na siyapuuzi. Lakini manukato pia yamezidi. Yapo ya kupulizia, ya kuchomeka ukutani, ya kutia kwenye maji ya kudekia, na moshi hakuna anayeutazama tena, maana tunapikia gesi. Mtu anaweza kuugua katikati ya mji huu, nyumba yake ikinukia vizuri, na asipate hata mmoja wa kumrudishia ungo.

Nimegawa matawi mengi. Kila ninapoingia katika nyumba yenye mche uliotoka kwangu, kabla sijaketi, natazama majani. Hivi karibuni nilikwenda kwa Rehema, mshona nguo kijana anayeishi mtaa wa pili, nikakuta mche wake mtupu kuanzia chini hadi katikati. Nilimwambia mbuzi hawali mmea huu. Akacheka, akasema anatengenezea sabuni, akanionyesha vipande vilivyopangwa dirishani vikikauka. Niliviona. Hata hivyo nilimwambia ainue mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Shangazi, unanikagua kama askari wa getini?" alisema. Lakini aliiinua, huku akicheka, mpaka mwisho, vidole vyake vyembamba vikakaribia kugusa dari.

Nilimwambia aishushe. Nikaketi, nikapokea chai. Ilikuwa na jani moja ndani, kama ya mama, nami niliinywa nikifikiri kwamba katika msimu ule wote wa mvua, kati ya watu wote waliopita kwenye kinjia chetu wakasimama kuvuta pumzi, hakuna aliyemwambia mama ainue mkono.